Bwana Kide na Kitambaa cha Jicho la Njiwa

Jina langu ni Faradji, lakini ukifika Kabambare usiulizie Faradji, utazungushwa bure. Ulizia Bwana Kide. Hapo mtu yeyote atakuleta mpaka mlangoni kwangu, na njia nzima atakuwa anacheka. Jina hilo nilijitafutia kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu, ingawa nimemtafuta sana.

Nilizaliwa Kasongo, mjini, katika nyumba za Waislamu. Baba alifariki ningali nanyonya, na mama yangu, Waridi, akanilea kwa kuuza mikate ya mchele na kwa kuamrisha watu. Kuamrisha ndiko alikokuweza zaidi. Enzi zile za Wabelgiji wanawake wa mjini walikuwa na vyama vya ngoma, na kila chama kilikuwa na vyeo vya Kizungu: prezida, sekretere, hata daktari, ambaye kazi yake ilikuwa kumpepea mwenzake akizimia kwa kucheza. Mama alikuwa prezida. Wanawake wa chama chake hawakununua hata leso kabla ya kumtazama usoni.

Nilisoma shule ya misheni mpaka siku mama aliponisikia naimba nyimbo za kanisa huku namenya vitunguu. Akaniondoa kesho yake. Nilikuwa nimekwisha kujua kugawanya na kuzidisha, na kichwa kilikuwa kimekwisha kuvimba. Nikapata kazi katika magazini ya kampuni moja ya Wazungu iliyouza vitambaa, chumvi na sabuni. Kazi yangu ilikuwa kupima vitenge kwa fimbo ya mita na kuvikata. Mimi nilijiona karani. Wateja waliniona mkasi.

Mwaka mmoja nilipanda kamyo ya kampuni kupeleka chumvi Kabambare. Dereva, katika kurudi nyuma, akapanda juu ya mkeka wa mpunga ulioanikwa uani. Msichana akatoka mbio, akaokota chikichi, akamlenga dereva. Chikichi likanipata mimi katikati ya paji la uso. Msichana huyo alikuwa Feza, binti wa Mzee Sumaili, mfanyabiashara wa mawese. Hakuomba radhi. Alisema, "Na weye juu ya nini umekaa pale karibu naye?" Niliporudi Kasongo uvimbe ulikwisha kupona, lakini mimi sikupona.

Nilituma watu kuposa. Mzee Sumaili alikubali, akaweka sharti moja. Mkewe alikuwa amepooza miguu, na Feza ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemgeuza kitandani. "Mutoto wangu hatoki hapa," alisema. "Kijana anamutaka, vizuri. Apate kazi ya kukaa Kabambare, siyo ya kupita na kamyo. Kazi kwanza, arusi nyuma." Kabambare haikuwa na magazini hata moja ya kampuni yetu, na mimi kulima siwezi, mwulize mama.

Ndipo mwaka wa hamsini na tano akaja Bwana Roger. Alikuwa Mbelgiji kijana, mwekundu kama nyanya, ametumwa kutoka Bukavu kufungua duka dogo Kabambare. Alitaka mtu wa kulisimamia, na alitaka kujua apakie vitambaa gani, kwa sababu ingekwenda kamyo moja tu kabla ya mvua kuharibu barabara. Duka lingejaribiwa mpaka mvua ziishe. Vitambaa vikiisha, duka linabaki. Visipoisha, linafungwa na msimamizi anarudi kwenye fimbo yake. Nilimwambia hapohapo kwamba mimi ndiye mtu anayemtafuta. Nilisema Kabambare naijua kama kiganja changu, mimi niliyewahi kulala huko usiku mmoja.

Vitambaa vyenyewe vilikuwa vya aina nne, na wanawake walikuwa wamekwisha kuvipa majina. Cha buluu chenye madoa meupe ni Jicho la Njiwa. Cha rangi ya majani mabichi ni Sombe, yaani kisamvu. Cha kahawia chenye funguo ni Ufunguo. Chekundu chenye minyororo ni Mkufu. Mzungu aliyemtangulia Roger katika kampuni angepakia kila aina sawasawa, akanawa mikono. Roger alikuwa amesoma. Alichora msalaba wa chaki juu ya meza ya kukatia, ikawa na pembe nne, akachota karanga sitini, akazirusha.

"Hesabu," akaniambia.

Zilikuwa kumi na tatu, kumi na saba, kumi na sita, kumi na nne.

"Karanga kupenda pembe moja?"

"Hapana, Bwana. Karanga haina mapenzi."

"Lakini si kumi na tano, kumi na tano sawasawa."

Akanionyesha. Kama hakuna upendeleo, kila pembe inatazamiwa kupata kumi na tano. Ulichopata kitatofautiana kidogo na ulichotazamia, ndiyo kawaida ya bahati. Basi chukua tofauti ya kila pembe, uizidishe kwa yenyewe ili pungufu lisijifiche nyuma ya ziada, uigawe kwa kumi na tano uliyotazamia, halafu ujumlishe zote nne. Za karanga hazikufika hata moja. Kwenye kitabu chake palikuwa na jedwali, na kwa aina nne mpaka ulikuwa saba na nukta nane. Chini ya hapo, sema ni bahati tu. Juu ya hapo, pana jambo, kuna kitu kinachopendwa kuliko kingine. Kwa Kifaransa aliiita khi-deux. Ulimi wangu ukaifanya kide, na kabla ya jua kutua nilikuwa nimemweleza kide muuza nyama, fundi wa baiskeli, na imamu, ambaye alisikiliza mpaka mwisho kwa sababu ni mtu mpole.

Roger akanituma niulize wanawake sitini. "Mmoja mmoja," alisisitiza. "Popote wewe kukuta. Pekee yake. Asisikie mwenzake."

Sasa nitazame. Kijana ambaye hajaoa, mjini Kasongo, amsimamishe mke wa mtu njiani amwulize, "Mama, unapenda nini?" Ningevunjwa taya kabla ya kufika mwanamke wa tatu. Nikatumia akili. Nikamwomba mama aite wanawake nyumbani, na kwa heshima ya Bwana Roger nikaita pia wa upande wa misheni, ili asiseme nimechagua watu wangu. Nikatandika mkeka uani, vitambaa vinne juu yake, na kila mwanamke akaja mmoja mmoja, pekee yake, kama nilivyoagizwa. Hakuna aliyesikia mwenzake. Karibu na mkeka alikaa mama tu, akiwamiminia kahawa.

Kabla hatujaanza alikishika kile cha buluu. "Hii inaitwa namna gani?"

"Jicho la Njiwa, Mama."

"Itapendeza," akasema, akakirudisha. Nami nikahesabu hiyo kama kura yake moja.

Jioni nikajumlisha. Jicho la Njiwa thelathini. Sombe kumi na tano. Ufunguo tisa. Mkufu sita. Nikaketi na penseli. Jicho la Njiwa lilipita matazamio kwa kumi na tano, kwa hiyo peke yake lilileta kumi na tano kamili. Sombe sifuri. Ufunguo mbili na nukta nne. Mkufu tano na nukta nne. Jumla ishirini na mbili na nukta nane, na mpaka ni saba na nukta nane! Nilisimama nikacheka peke yangu. Mama akauliza kama nimeingiwa na kitu. Nikamwambia, "Mama, hii si bahati. Hesabu imekataa kabisa kwamba ni bahati."

"Kweli si bahati," alisema mama, akaendelea kuosha vikombe.

Nilimpelekea Roger karatasi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nusu ya mzigo ikapakiwa Jicho la Njiwa, kwa uwiano uleule wa hesabu. Cheo cha kusimamia duka nikapewa mimi. Njiani kupita Lusangi tulikwama matopeni, na watu waliokuja kutusukuma niliwaeleza kide huku nimekaa juu ya mabali ya vitambaa, sijashuka. Hata mimi nikikumbuka nashangaa hawakuniacha hapo na kamyo yangu.

Kabambare walinipokea kwa shangwe. Siku ya kufungua, duka lilijaa wanawake. Sombe ikaisha upesi. Ufunguo ukaisha. Mkufu, ambao Kasongo waliudharau, ukagombaniwa. Jicho la Njiwa likakaa. Walilitazama, wakatazamana, wakacheka kwa kujifunika midomo, wakanunua sabuni, wakaenda zao. Nikalishusha kutoka rafu ya juu nikaliweka katikati. Nikalitundika mlangoni. Mbuzi wa jirani akalitafuna pindo, na nilifurahi kuona angalau mmoja anayelipenda.

Mvua zikaanza. Mzee Sumaili alipita kila asubuhi, akachungulia rafu, akasema "Bado?", akaenda zake. Usiniulize nilikuwa na hali gani. Nilikuwa na hofu. Feza alikaa nyumba ya tano kutoka kwangu, nilimsikia akimwimbia mama yake, na kila bali la buluu lililobaki lilikuwa ukuta kati yangu naye.

Mtu mwenye busara angeuliza kuna nini. Mimi nilipiga kide nyingine. Nilikuwa nimeweka alama mlangoni kwa kila mwanamke aliyenunua kitambaa, nikawa nimewapata arobaini. Kwa kufuata Kasongo, nilitazamia ishirini wa Jicho la Njiwa. Nikapata sifuri. Ishirini mara ishirini, gawa kwa ishirini, ni ishirini tupu, kabla sijagusa aina nyingine. Mkufu ulinisumbua zaidi, maana matazamio yake yalikuwa wanne, na Roger alinionya kwamba kisanduku kinachotazamiwa chini ya watano hakifai kuhesabiwa, ni kidogo mno, kinadanganya. Basi nikakaa jioni nzima nikisumbuka na Mkufu uliokwisha kuuzwa, na Jicho la Njiwa limenirundikia mpaka darini.

Siku iliyofuata Feza aliingia na shangazi yake, Bi Faida, kununua chumvi. Mchumba hazungumzi na mchumba dukani, kwa hiyo nilizungumza na Bi Faida, naye Feza akamjibu shangazi yake, na ndivyo tulivyoelewana.

"Bi Faida," nikasema, "niambie ukweli. Wanawake wa hapa hawapendi rangi ya buluu?"

Feza akamgeukia shangazi. "Shangazi, huyu mutu iko na macho kweli? Ile kikwembe ni ya upande yao!"

"Upande gani?"

"Ya arusi!" Akasahau kwamba hazungumzi nami. "Mama yako alituma mutu hapa zamani, mbele ya kamyo yako haijafika. Akasema wanawake wa Kasongo wamekwisha chagua Jicho la Njiwa, sisi tutafute ingine. Nani wa kwetu atavaa kikwembe ya watu ya bwana arusi? Watamuita mwenye kujipeleka."

Mila hiyo nimekua nayo. Kila arusi upande wa bwana una sare yake na upande wa bibi una yake, na upande wa bwana ndio unaotangulia kutoa habari ili pasitokee aibu ya kufanana. Nimekata vitambaa vya arusi ngapi kwa mkono huu? Na bado nilikaa uani kwetu, nikaona wanawake ishirini na tisa wa chama cha mama wakija mmoja mmoja, wakimtazama usoni, wakipokea kahawa, wakionyesha cha buluu, na nikaandika. Wanawake sitini, kumbe upande wa chama aliyechagua alikuwa mtu mmoja tu, na wenzake ishirini na tisa walikuwa wakiitikia. Kide ilisema hii si bahati, na haikukosea. Ilikuwa mama yangu.

Walipotoka nilikaa juu ya gunia la chumvi nikaliona fundo lote. Kabambare haitanunua Jicho la Njiwa mpaka arusi ipite, maana arusi ikipita pande zinachanganyika na kila mtu huvaa apendacho. Arusi haitakuwapo mpaka duka lisimame. Na duka halisimami mpaka Jicho la Njiwa linunuliwe. Nilituma habari kwa mama abadili sare. Jibu lilikuja na mtu wa baiskeli: "Tumekwisha shona, na huyo mtoto aache kunipangia chama."

Nikaenda kwa Mzee Sumaili, nikapiga magoti, nikamwomba arusi itangulie. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "weye unataka niweke mutoto wangu juu ya duka yenye itafungwa? Kazi kwanza." Alisema kwa upole, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angenifukuza. Nikarudi dukani nikalia, na nilijifuta kwa Jicho la Njiwa, angalau lipate kazi.

Mvua zilikuwa zimeanza kupungua Feza aliporudi. Bi Faida alikaa nje kwenye ngazi, akatugeuzia mgongo kwa makusudi. Nilimwambia Feza kwamba imekwisha, kwamba kamyo ikija itanirudisha, na kwamba mimi ni mjinga ambaye hakuna kitabu kinachoweza kumtibu.

"Umeuliza wanawake ya Kasongo," akasema. "Umeuliza wanawake ya Kabambare. Miye haujaniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Si unajua kuuliza? Uliza."

Sasa kijana mwingine yeyote Maniema nzima angelijua swali. Angemshika mkono, angesema neno. Mimi nilikwenda nyuma, nikatafuta vipande vilivyobaki vya Sombe, Ufunguo na Mkufu, nikaleta na cha buluu, nikavitandika vyote vinne juu ya meza kwa mpangilio.

Feza alivitazama vitambaa, akanitazama mimi. Nadhani hapo ndipo alipopima ukubwa wa mzigo anaojitwika. Kisha akaweka kidole juu ya Jicho la Njiwa.

"Pima," akasema.

Nilipima. Nikapindisha mkasi, na kile kitambaa mpaka leo kina pindo lisilonyooka.

Kesho yake asubuhi, watu wote wakiwa njiani kwenda sokoni, Feza alipita katikati ya mji kuchota maji akiwa amevaa Jicho la Njiwa, juu na chini. Kwetu bibi arusi huvaa kitambaa cha upande wa mumewe mara ya kwanza asubuhi ya baada ya arusi, anapopelekwa kumsalimia mama mkwe. Kabla ya hapo, kamwe. Alichota maji kwenye kisima cha mbali, si cha karibu. Aliporudi alipita polepole, ndoo kichwani, akisalimia kila nyumba, na wanawake waliacha vinu wakasimama kumtazama.

Mzee Sumaili alinifikia dukani bila viatu. Nilijua nitapigwa, nikaweka fimbo ya mita mbali.

"Mutoto wangu amevaa asubuhi ya nyuma ya arusi," alifoka. "Sasa miye nitangojea arusi ya lini? Ya jana? Tuma watu kwa mama yako. Leo!"

Mama alifika na chama chake kizima juu ya kamyo ya kwanza iliyoweza kupenya matope, wote buluu, wakicheza kabla hawajashuka. Alipomwona Feza na kitambaa chake chenye pindo la kupinda alilishika lile pindo, akalinyoosha kwa vidole. Kisha akanigeukia. "Huyu hakunitazama usoni kwanza," akasema. Nilidhani amekasirika, lakini alikuwa ameshika mkono wa Feza na hakuuachia mpaka chakula kilipoletwa. Mama mkwe wangu tulimbeba na kitanda chake mpaka uani, akaona yote.

Pande zikachanganyika. Wanawake wa Kabambare walikuwa wamelitamani Jicho la Njiwa tangu mwanzo, na kukatazwa kuliwaongezea hamu. Lilikwisha kabla barabara haijakauka.

Roger alipofika alikuta rafu tupu, akaruka kama mtoto. "Khi-deux haisemi uwongo!" Mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilijaribu kuwa mkweli katika hesabu. Tulikuwa uani kwetu, Feza akitumiminia kahawa. Nikamweleza Roger yote: mama na kikombe chake, sare, wale arobaini, na Feza na ndoo yake. Alisikiliza akikunja uso, akijaribu kumpatia Feza mahali katika jedwali. Mwisho akatikisa kichwa.

"Huyu ni mmoja tu," akasema kwa Kifaransa. "Chini ya tano. Huyu hatuwezi kumhesabu."

Feza akaniuliza Mzungu anasema nini. Nikamwambia, "Anasema weye uko mumoja tu, kwa hesabu yake hauhesabiwe."

Feza akakijaza kikombe cha Roger mpaka ukingoni, hata ikawa hawezi kukiinua bila kujiunguza.

"Mwambie akunywe," akasema, "halafu anitazame usoni, anihesabu tena."